Ukurasa wa Agosti

Wiki mbili nzima Wendell Gaines alikuwa hamtazami Ardelia Pruitt machoni. Ardelia, aliyekuwa na pete yake kidoleni tangu Pasaka, alijifanya haoni.

Alijipa sababu. Kazi zilikuwa zimewazidi wote wawili. Kanisa la Mlima Sinai, pale Ebbet Springs, Georgia, lilikuwa linaandaa siku tatu za kumbukumbu ya watu weusi wa mji ule. Kungekuwa na maonyesho ya mablanketi ya viraka yaliyoshonwa na bibi zao, mchezo wa kuigiza wa vijana, na nyimbo ambazo kwaya ilikuwa haijaziimba tangu enzi za mchungaji wa zamani. Jumamosi alasiri watu wote wangeshuka mtoni kuchota udongo wa kuwekwa kwenye chupa ya ukumbusho, mahali alipouawa Ansel Pruitt, Agosti mwaka 1938. Kosa la Ansel lilikuwa kumwambia tajiri wa pamba, mbele ya watu, kwamba mizani yake inadanganya. Kundi la wazungu lilimtafuta siku mbili, likamtoa kwenye banda la kukaushia nyama alikojificha. Mkewe alikimbilia Chicago na mimba ya miezi saba. Mtoto aliyezaliwa huko ndiye Bibi Imogene, aliyemlea Ardelia, na sasa alikuwa na miaka themanini na sita.

Bibi na mjukuu walirudi Georgia miaka miwili iliyopita, kwa sababu bibi alisema hataki kuzikwa kwenye theluji. Walipanga nyumba kuukuu yenye baraza lililoinama. Siku ya tatu tu, seremala mmoja mrefu, mpole, akatokea na vifaa vyake bila kuitwa. Akanyoosha baraza, akakataa malipo. Kesho yake akarudi kutazama kama nguzo zimekaa sawa, ingawa hata mtoto angeona zimekaa sawa. Ardelia alicheka sana siku ile. Alimpenda kabla ya mwezi kuisha.

Sasa Ijumaa ile, ukumbi wa kanisa ulikuwa na joto la kukausha koo. Feni zilizunguka bila kuleta hewa, na upande wa kusini mawingu yalikuwa yamejikusanya tangu asubuhi, meusi, hayasogei. Wendell alikuwa anafunga skrubu za mwisho kwenye sanduku la vioo alilolitengeneza kwa ajili ya vitu vya thamani. Ardelia, ambaye alikuwa mwalimu wa sanaa na ndiye aliyekabidhiwa maonyesho yote, alikuwa ameketi sakafuni akifungua kitabu cha kumbukumbu za vikao vya kanisa cha miaka ya thelathini. Alifungua taratibu, karatasi zisivunjike. Alifika Julai 1938. Akafunua. Ikaja Oktoba.

Alipapasa katikati ya kitabu kwa kidole. Kurasa za Agosti na Septemba zilikuwa zimekatwa kwa wembe, karibu kabisa na mshono.

Alimwita Wendell aje aone. Wendell hakuja. Alibaki palepale na bisibisi mkononi.

"Kifunge hicho kitabu, Ardelia."

Ardelia alicheka, akidhani ni mzaha. Akamweleza kwamba ndiyo kwanza kimepata maana. Atakiweka katikati ya ukumbi, kimefunguliwa pale penye pengo, watu waone kwamba kuna mtu aliogopa kilichoandikwa.

"Nakuomba," Wendell alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. Kisha akasema amesahau kioo kimoja kwenye gari, akatoka. Ardelia alikitazama kioo hicho kimeegemezwa ukutani, hatua mbili kutoka alipokuwa amesimama Wendell.

Hazikupita dakika kumi mlango ukafunguliwa tena, na aliyeingia alikuwa mama yake Wendell. Bi Vesta Gaines alikuwa mjane, mwanamke nadhifu wa maneno machache, ambaye hakuwahi kumtamkia Ardelia neno baya hata moja. Lakini siku mwanawe alipomletea habari ya uchumba alilia, na yeyote aliyemwona alijua hayakuwa machozi ya furaha. Ardelia alidhani anachukiwa kwa sababu ya Chicago, kwa lafudhi yake na kwa digrii zake. Alikuwa amejifunza kuishi na wazo hilo.

Bi Vesta aliketi kwenye benchi la nyuma, akamwita kwa mkono. Alitazama kitabu kile kule sakafuni, akakiondolea macho haraka.

"Binti, sijawahi kukuomba kitu. Leo nakuomba. Hicho kitabu kirudishe kabatini."

Ardelia aliuliza sababu. Bi Vesta alijibu kwamba kuna mambo watu wazima waliyafunika ili watoto wao waweze kuishi mji mmoja, na likishatoka moja halitarudi tena ndani. Ardelia akasema kwa heshima kwamba bibi yake amesubiri miaka themanini na sita kujua nani alisema baba yake yuko wapi. Hatakuwa yeye wa kufunika.

Bi Vesta alikitazama tena kitabu kile. Alipofungua mdomo tena, uso ulikuwa umemsawijika.

"Basi mwache mwanangu. Mwambie humtaki. Mwambie umepata mwingine, mwambie chochote. Atalia, atapona. Hili jingine hatapona."

"Hili lipi, mama?"

"Muulize siku ile alipokuja kunyoosha baraza lenu, nani alimwita."

Akasimama, akainyoosha sketi yake, akatoka bila kuaga. Ngurumo moja ikapita mbali, kusini, kama mtu anayesogeza meza kwenye chumba cha juu.

Wendell aliporudi, hakuwa na kioo. Alikuwa na bahasha ya plastiki. Bila shaka alikuwa amepishana na mama yake mlangoni, na bila shaka wameshaambiana. Alisimama mbele ya Ardelia kama mtu aliyeletwa mbele ya hakimu, akamkabidhi bahasha.

Ndani mlikuwa na ukurasa mmoja mkuukuu, ukingo wake umekatwa kwa wembe. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa mtu aliyesoma. Ardelia aliusoma kwa macho, midomo ikicheza.

*Jumapili, tarehe 28 Agosti 1938. Ndugu Hosea Gaines alisimama mbele ya kanisa bila kuitwa. Alisema kwamba jioni ya tarehe sita watu wale walifika kwake, wakamchukua mwanawe Reuben, mwenye miaka sita, wakamsimamisha juu ya ukingo wa kisima. Wakamuuliza Ansel Pruitt yuko wapi. Alisema aliwaambia. Alisema Ansel alikuwa rafiki yake tangu utoto, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemficha kwenye banda lile. Hakuomba asamehewe. Kanisa lilipiga kura kumtoa katika ushirika. Waliokubali, arobaini na mmoja. Waliokataa, hakuna.*

Alisoma mara mbili. Kisha akaiweka karatasi kwenye mapaja yake.

"Hosea ni nani wako?"

"Baba yake babu. Reuben ndiye babu yangu."

Wendell alieleza yaliyobaki kwa sauti ya chini. Mke wa Reuben alikuwa msafishaji wa kanisa. Yeye ndiye aliyezikata kurasa zile, miaka mingi baadaye, watoto wake walipoanza kujua kusoma. Huu aliuhifadhi. Ule wa Septemba hakuna aliyejua ulikwenda wapi. Wazee waliokuwa wakijua walikufa mmoja mmoja, na wengine walioondoka hawakurudi. Hakuna aliyetegemea kwamba siku moja Pruitt atarudi.

"Ulijua lini?"

"Nikiwa na miaka kumi na miwili. Babu alinionyesha akiwa kitandani, wiki aliyokufa."

Ardelia alihesabu bila kutaka. Hakuna siku hata moja ya mapenzi yao ambayo Wendell hakuwa anajua. Siku ya ziwa, alipomfundisha kuendesha boti. Siku alipougua homa na Wendell akakaa kitini mpaka kumekucha. Siku ya pete. Kila siku ile, mtu huyu alikuwa na karatasi hii nyumbani kwake.

"Wendell, nijibu vizuri, maana sitauliza tena. Ulikuja kwetu kwa mapenzi au ulikuja kutubu?"

Angeweza kudanganya. Ardelia alimwona akipima, akaona pia alipoamua.

"Siku ya kwanza nilikuja kwa aibu. Nilisikia dukani kwamba Pruitt wamerudi na nyumba yao inaanguka, sikulala. Siku ya pili nilikuja kwa ajili yako."

"Na mimi nitajuaje mpaka kati ya hayo mawili uko wapi?"

"Sijui."

"Kila ulichonifanyia. Kila ubao ulioupigilia pale nyumbani. Nilikuwa najiona mwanamke aliyependwa, Wendell. Kumbe labda nilikuwa kaburi linalowekewa maua."

Wendell alipokea maneno yale bila kujitetea, na kutojitetea kwake kulimuumiza Ardelia zaidi. Alitamani abishe, apige meza, aseme si kweli. Badala yake alisema kesho atausoma ukurasa ule mwenyewe mbele ya watu wote, na kwamba alikuwa ameshakata kauli wiki mbili zilizopita, tangu alipoona kitabu kile kwenye orodha ya maonyesho. Alichoshindwa ni kumwambia yeye kwanza.

Ardelia akamwambia aende nyumbani.

Jioni ile alijaribu kumwambia bibi yake akashindwa. Alipakua samaki wa kukaanga na mkate wa mahindi, akaviangalia vikipoa. Bibi Imogene aliuliza mbona kijana wake hajaja kula, na Ardelia akasema amebanwa na kazi. Bibi alimtazama kwa muda, akaendelea kutafuna taratibu.

Alimwambia asubuhi, akiwa amesimama nyuma yake anamsuka. Ilikuwa rahisi zaidi bila kuuona uso wake. Alieleza yote, kuanzia wembe mpaka kisima, mpaka baraza, na kwamba Wendell anataka kuusoma ukurasa ule leo mbele ya watu. Nywele za bibi zilikuwa nyeupe, nyepesi kama pamba, na chini yake Ardelia aliiona ngozi ya kichwa ikipanda na kushuka kwa mapigo ya mshipa. Aliogopa. Daktari alikuwa ameonya juu ya moyo ule.

"Mwache asome," Bibi Imogene alisema. "Nipe lile gauni jeupe."

Saa nane ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Mawingu yalikuwa yamesogea sasa, yamekaa juu ya paa, na ilibidi taa ziwashwe mchana. Vijana walicheza mchezo wao, kwaya ikaimba, watu wakapiga makofi na kujifuta macho mbele ya mablanketi ya bibi zao. Ardelia hakusikia kitu. Alikuwa ameshika mkono wa bibi yake, na mkono ule ulikuwa baridi katika joto lile lote. Bi Vesta aliketi karibu na mlango, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye chumba cha daktari.

Mchungaji alipotangaza kwamba Ndugu Gaines ana neno, watu walitabasamu. Walidhani seremala anataka kueleza habari za kabati zake. Alisoma polepole. Alipofika kwenye jina la Hosea, tabasamu zilianza kuzimika, safu kwa safu. Alipofika kwenye kura, hakuna aliyekohoa. Ngurumo ilipiga karibu, vioo vya sanduku vikatetemeka, na Wendell akasubiri ipite ndipo akasoma neno la mwisho.

Kisha akasema kwamba Hosea alibaki mji huu mpaka alipokufa, bila kuingia kanisa lolote, na kwamba yeye Wendell haombi kitu. Alitaka tu swali lililoulizwa kwa miaka themanini na saba lijibiwe.

Bibi Imogene alisimama. Ardelia alitaka kumsaidia, akamwondoa mkono.

"Yule mtoto wa kisimani," alisema. "Aliishi?"

"Aliishi, Bi Imogene. Ndiye babu yangu."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mwoga. Hakuwahi kuinua sauti maisha yake yote. Alikuwa hawezi kumwona mtoto karibu na shimo refu, anatetemeka. Lakini alikuwa mtu mwema. Alinifundisha useremala."

Bibi alimtazama kijana yule kuanzia viatu mpaka kichwani, kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Ukumbi mzima uliinamia mbele kusubiri. Wanawake wawili walikuwa wameshatoa leso.

"Ulichosoma nimekisikia," alisema, na akaketi.

Watu walitazamana. Bi Vesta alinyanyuka, akatoka nje. Mzee mmoja aliyekuwa amemwagiza Wendell milango ya nyumba yake mpya alipita mbele yake wakati wa kutoka, akamwambia, kwa sauti ya kusikika, kwamba ile kazi aiache, atatafuta fundi mwingine. Wendell aliitikia kwa kichwa.

Walishuka mtoni, mwendo wa dakika kumi nyuma ya kanisa, wakiimba nusunusu. Maji yalikuwa na rangi ya risasi. Bibi Imogene alipiga magoti kwenye nyasi, akachota udongo kwa mikono, akaumimina kwenye chupa kubwa ya kioo yenye jina la baba yake, na kila aliyetaka akafanya hivyo baada yake. Ardelia alipomimina wake alitazama nyuma. Wendell hakuwa amekuja.

Waliporudi uwanja wa kanisa, matone ya kwanza yalikuwa yanaanguka, makubwa, ya uvuguvugu. Ardelia alimwingiza bibi kwenye gari, akamfunga mkanda. Upande wa pili, chini ya mti wa mwaloni, aliliona gari la Wendell likinguruma. Nyuma lilikuwa limepakiwa kila kitu: msumeno wa meza, randa, masanduku ya misumari, hata benchi la kazi. Mtu hapakii benchi la kazi kwa safari ya siku mbili.

Bibi Imogene naye alikuwa ameliona.

"Kila mtu mle ndani alikuwa ananitazama nimsamehe," alisema, "wapate kulia vizuri waende wakale. Wa kusamehe ni baba yangu, na yeye hayupo. Mimi sina msamaha wake mfukoni."

"Najua, bibi."

"Hujui, nyamaza nimalize. Huyo kijana sijui kama nitaweza kumwona mezani kwangu tena. Labda nitaweza, labda nitakufa sijaweza. Hilo ni langu. Lakini usije ukamkataa ukasema umefanya kwa ajili ya bibi yako. Usinifanye kisingizio. Ukimwacha, mwache wewe. Ukimchukua, mchukue wewe."

Ardelia alivuka uwanja mvua ikimpiga mabegani. Wendell aliteremsha kioo. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini safari hii hayakumkwepa. Alisema ana binamu Savannah mwenye karakana. Alisema mama yake hatapata amani sokoni wala kanisani kama yeye atabaki, na Ardelia hatapata amani nyumbani. Ni bora aondoke kabla hajaombwa.

"Hiyo nayo ni toba," Ardelia alisema. "Unajihukumu, unajifunga, unajipeleka gerezani, na mimi hata hujaniuliza."

"Nikuulize nini, Ardelia? Sina haki ya kukuuliza."

"Unaona? Bado unaongea na Ansel. Mimi ndiye niliyesimama hapa, nimelowa."

Wendell alifumba macho. Mikono yake ilikuwa imekamata usukani kwa nguvu mpaka vifundo vimekuwa vyeupe, mikono ileile ambayo Ardelia aliijua kila kovu lake, na alitamani kuigusa. Aliirudisha yake mifukoni.

"Siahidi chochote," alisema. "Pete sijui kama nitabaki nayo. Lakini nataka kujua kitu kimoja, na Savannah sitakijua. Kaa. Usitengeneze baraza. Usilete kuni, usimpeleke bibi hospitali, usinishikie mwavuli. Usinifanyie chochote. Kaa tu hapa mjini, watu wakutazame vibaya, na mimi nikutazame vibaya, nione ukiondolewa kutubu kinabaki nini."

"Na kisipobaki kitu?"

"Tutakuwa tumejua."

"Kwa muda gani?"

"Sijui, Wendell. Mimi naanza leo. Wewe umekuwa nalo tangu ukiwa na miaka kumi na miwili."

Alisubiri. Mvua sasa ilikuwa inapiga paa la gari kwa kelele, hata kama angejibu asingesikia. Lakini aliona kwamba midomo haikufunguka. Aligeuka, akaanza kurudi. Hatua kwa hatua aliisikia injini ile nyuma yake, ikinguruma palepale, haiendi, haizimiki. Uwanja ule haukuwahi kuwa mpana hivyo. Alijikataza kugeuka. Alikuwa na uhakika kwamba akigeuka atamrudia mbio, na atakuwa amejibu swali ambalo hakulijua jibu lake.

Aliingia ndani ya gari, maji yakimchuruzika usoni. Bibi Imogene alikuwa ameikumbatia chupa ya udongo.

"Amesemaje?"

"Hajasema."

"Na wewe?"

"Nimesema."

Bibi alitikisa kichwa kukubali. Ardelia hakuwasha gari. Walikaa wawili hivyo, wakitazama mbele, vioo vikiingia ukungu, wakisikiliza kwa masikio yao yote sauti moja ndani ya kishindo kile cha mvua. Ilinguruma. Iliongezeka kidogo, kama mguu umekanyaga mafuta, na Ardelia akauuma mdomo wake wa chini mpaka akaonja damu.

Halafu ikazimika.

Bibi Imogene hakutabasamu. Aliifuta chupa kwa ncha ya gauni lake jeupe.

"Twende nyumbani," alisema. "Na usimpungie mkono tunapopita."